Pedi za Ghorofa

Binti yangu Yurub ana miaka ishirini, na huu ni mwezi wa kumi na nne hajakaa pahali pakavu. Mkojo unamtoka wenyewe, akilala, akisimama, akicheka. Hospitalini wanauita ugonjwa huo fistula. Ni tundu lililobaki ndani yake, kati ya kibofu na njia ya mtoto, baada ya uchungu wa siku tatu huko Hulugho kwa mume wake. Gari lilipopatikana, mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Alikuwa wa kiume.

Kabla ya hapo Yurub alikuwa mtu wa maneno. Alimaliza darasa la nane hapa Garissa, akakaa nami Soko Mugdi tukiuza maziwa, na kuna wateja waliopita meza za wanawake wengine ili waje wachokozwe na yeye. Mwalimu mmoja mfupi alikuwa na tabia ya kuonja vikombe viwili kabla ya kununua kimoja. Siku moja Yurub akamwambia, "Abti, ukionja cha tatu nitakufunga kamba na wale ndama." Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilimkanya, maana mjomba wa watu haambiwi hivyo sokoni, na msichana mwenye mdomo humkosesha mama yake usingizi. Lakini nilipogeuka upande nilikuwa nacheka.

Aliolewa na Abdihafid, mtu wa ng'ombe, kijana mpole. Yeye mwenyewe ndiye aliyemrudisha kwangu, wiki sita baada ya mtoto kuzikwa. Walikuja na gari la mizigo. Alikuwa amemtandikia karatasi ya plastiki, na mimi niliiona ile plastiki kabla sijauona uso wa mwanangu. Abdihafid hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, macho chini, akasema, "Mama, mtibu. Akipona nitakuja kumchukua."

Sikumjibu vibaya. Usiku na mchana nililibeba lile neno moja, akipona.

Miezi ya kwanza tulitumia vitambaa. Nilichana nguo zangu kuukuu, nikawa nafua na kuanika humo humo ndani ya nyumba ili majirani wasione. Ndani hakuna jua wala upepo. Vitambaa vilikauka vibaya, vikawa vigumu na vyenye harufu, na Yurub alivivaa hivyo hivyo katika joto letu hili ambalo hata mbuzi hukataa kutoka kivulini. Ngozi yake ikaanza kuchubuka mapajani, kisha nyuma anapokalia. Bado alikuwa na mzaha siku hizo. Alijiita bomba. "Hooyo," aliniambia, yaani mama, "bomba la mtaa hutoa maji Jumanne tu. Mimi natoa kila siku. Waambie majirani wapange mitungi."

Kisha akaacha kwenda sokoni. Akaacha kwenda harusini. Akaacha na mzaha.

Ni Sista Komora aliyetupa tarehe. Huyu ni muuguzi wa hospitali ya hapa Garissa, mama wa Kipokomo kutoka ng'ambo ya mto, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alimlaza Yurub kitandani, akavuta pazia, akamwangalia kwa muda mrefu bila kukunja pua. Mimi nilikuwa nikiitazama ile pua. Nilikuwa nimejifunza kutazama pua za watu.

"Tundu hili linashonwa," akasema. "Kuna madaktari watakuja hapa kabla ya Ramadhani, watakaa siku tano. Nitamwandika jina. Lakini sikia, mama. Daktari hashoni juu ya ngozi iliyochubuka hivi. Ikiwa bado mbichi siku hiyo, atapita kwa mwanamke mwingine, na wanawake watakuwa wengi."

"Tuna siku ngapi?"

"Wiki saba."

Akaeleza la kufanya. Maji safi, bila sabuni kali. Kukausha kwa kugusagusa, si kwa kusugua. Na tuache vitambaa. Alifungua kabati akatoa pedi moja kubwa, akaniwekea kiganjani. "Usinunue zile laini zinazong'aa juu kama mfuko wa nailoni. Zinashika jasho. Tafuta za namna hii, zenye vinundu. Pitisha kidole usikie."

Nikapitisha kidole. Uso wake ulikuwa na vinundu vidogo vidogo kama ngozi ya mkono mtu anaposikia baridi, na katikati ya vinundu kulikuwa na vitundu ambavyo jicho langu halikuviona vizuri, lakini kucha iliviona.

"Abadilishe mara ngapi?"

"Ikilowa. Isikae zaidi ya saa nne."

Yurub akasema kutoka kitandani, "Nitabadilisha kila swala." Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza tangu tuingie. Shekhe alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mwenye udhuru kama wake anatawadha kwa kila wakati wa swala na Mungu anapokea, asijali kinachotoka katikati. Lakini yeye hakutaka kusimama mbele ya Mungu na kitu kilicholowa. Kwa hiyo ikawa mara tano kwa siku, moja zaidi kabla ya Adhuhuri, na moja ya usiku.

Soko Mugdi lote, mwenye pedi za vinundu alikuwa Saynab peke yake. Saynab ni mwanamke mnene wa rika langu, anauza pedi, nepi za watoto na manukato, na sauti yake haijui siri. Nilimsogelea, nikamnong'oneza.

"Pedi?" akapaza. "Za nani, Arbia? Wewe si ulishafunga duka miaka iliyopita?"

Wanawake wa kanga na ndala upande wa pili wakaangua kicheko.

"Za mgeni," nikasema.

"Mgeni anayehitaji pedi kubwa kiasi hiki? Huyo mgeni ni ngamia?" Lakini aliponiona uso, akaacha utani. Soko zima lilijua mgeni wangu ni nani. Akashusha pakiti mbili kutoka juu, akatoa pedi moja ya sampuli, akaipasua kwa kidole gumba kama mtu anayemenya ndizi. Sauti yake ikawa ya kazi. "Tazama. Hii tunaiita ya ghorofa. Juu kabisa hapa, hivi vinundu, ngozi inakaa juu ya vichwa vyake tu, haigusi bonde. Maji yanaingia kwenye vitundu vya bondeni. Hapa chini kuna karatasi ya pili, hii ya samawati, inayavuta kwa haraka na kuyatawanya. Halafu ndiyo pamba. Watu wanakaa juu, maji yanakaa chini. Umeona ghorofa gani mvua inapanda kwenda juu?"

Nilizibeba chini ya jilbabu.

Siku ya tatu Yurub alitoka chooni na pedi aliyoivua, akaniita. Ilikuwa nzito mkononi kama kipande cha nyama. Akanichukua kiganja akakibandika juu ya ule uso wa vinundu, akakibonyeza. Nilitaka kuvuta mkono, maana najisi ni najisi. Kiganja kilitoka kikavu. Tulitazamana. Siku hiyo alilala mchana, usingizi wa mtu mzima, mguu huku na mguu kule, si kukunjamana ukingoni mwa mkeka kama alivyozoea.

Kila asubuhi baada ya Alfajiri alisimama karibu na mlango, pale mwanga unapoingia chini ya pazia, nami nilimkagua. Ndiyo ilikuwa kazi yangu. Wiki ya kwanza ile rangi ya nyama mbichi ilififia ikawa ya waridi. Wiki ya pili ukingo wa kidonda ulianza kuwa mkavu. Kilichokuwa na ukubwa wa sahani kikawa kama kiganja. Wiki ya tatu nilitazama, kiganja. Siku iliyofuata, kiganja. Nilikuwa nalala nikihesabu siku zilizobaki na kuamka nikizihesabu tena kana kwamba zimepungua nilipofumba macho, na kila nilipokitazama kile kiganja kilikuwa pale pale.

Sasa nikifikiri, huenda kilikuwa kinapona kwa mwendo wake. Kidonda hakina haraka. Mwenye haraka nilikuwa mimi.

Dada yangu wa Masalani alikuwa amenitumia samli, kopo zima, samli ya ng'ombe iliyopikwa vizuri mpaka ikawa na harufu ya njugu. Kwetu samli ni chakula na ni dawa. Mtoto akizaliwa anapakwa. Mtu akiungua anapakwa. Mimi nikiwa mdogo nilikanyaga makaa, mama yangu alinipaka samli siku tisa na leo hakuna hata alama. Hata ngamia aliyechubuka mgongo kwa mzigo hupakwa mafuta kidonda chake. Pedi ni karatasi tu, niliwaza. Karatasi inakausha, haiponyi. Kitu cha kuponya kiko wapi?

Nikaleta kopo. Yurub aliliangalia.

"Sista hakusema samli."

"Sista hakusema ule pia. Mbona unakula?"

"Hooyo, tumuulize kwanza."

"Nimpigie muuguzi simu nimuulize habari ya samli? Atacheka. Yule ni mtu wa mto, anajua samaki. Samli ataijulia wapi?"

Yurub alitabasamu kidogo, na kwa sababu alitabasamu niliona amekubali. Akageuka. Nikampaka kwa vidole vitatu, polepole, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Alivuta pumzi ndefu. "Inapoza," akasema. Nilifurahi kama niliyeokota kitu. Nikampaka asubuhi na jioni, tena kwa wingi, mpaka ngozi ikang'aa. Kisha yeye akavaa pedi ya ghorofa juu yake.

Siku mbili zilikuwa njema. Siku ya tatu alipotoka kuswali Adhuhuri nguo yake ilikuwa imelowa nyuma.

Akabadilisha. Ikalowa tena. Mkojo ulikuwa unapita pembeni, unateremka mapajani, na pedi aliyoivua ilikuwa nyepesi, kavu ndani, kana kwamba haikuvaliwa. Juu yake tu ndiyo kulikuwa na umajimaji uliosimama. Mimi mwenyewe niliishika. Niliona uso wake unateleza, nikasema ni mkojo. Jicho langu linaona mpaka mende aliye chini ya gunia, na hilo halikuliona.

Ngozi ikarudi kuwa nyekundu. Nikaongeza samli.

Wiki ya tano kidonda kikawa tena kama sahani, na mimi nikawa na hakika ya jambo moja: Saynab ameniuzia pedi za bandia. Pakiti ya kwanza nzuri, zilizofuata takataka, ndivyo wafanyabiashara walivyo. Nilikwenda sokoni na pakiti iliyofunguliwa, nikaitupa juu ya meza yake.

"Unauza bandia, Saynab. Kwa mtoto mgonjwa!"

Alio, mzee wa kushona viatu jirani yake, akaacha sindano hewani.

Saynab hakukasirika mara moja. Aliikunjua pedi moja kutoka pakiti ile ile niliyoitupa, akailaza mezani. Akachukua chupa yake ya maji ya kunywa. "Alio, adeer, njoo uwe shahidi, maana huyu atakwenda kunitangaza msikitini." Akamimina maji, kidogo, tena kidogo, mpaka chupa ikafika nusu. Maji yalizama kama yanayoitwa na mtu chini. Kisha akatoa karatasi ya kupangusia, akaibandika juu, akaibonyeza kwa ngumi yake nene, akaiinua juu watu wote waone. Kavu.

"Haya," akasema. "Bandia iko wapi?"

"Nyumbani haifanyi hivyo."

"Basi ilaumu nyumba." Watu wakacheka. Lakini yeye alinikazia macho, akashusha sauti. "Arbia, dada yangu. Anaivaa vipi? Upande wenye vinundu ndio unaogusa mwili?"

"Sisi si washamba."

"Kuna kitu mnaweka?"

Nilisema hapana. Sikukusudia kudanganya. Samli haikuwa kitu kwangu, ilikuwa kama kuniuliza kama tunaweka maji kwenye chai. Wallahi hata haikunijia akilini. Nikaokota pakiti yangu na aibu yangu nikaondoka, na Saynab akanitupia pakiti nyingine mpya kutoka nyuma. "Chukua. Za mgeni!" Hakuna aliyecheka.

Katika wiki hizo hizo nilikuwa nasuka chombo cha maziwa. Yurub alipoolewa alikwenda na viwili, vilibaki Hulugho. Nilitaka akirudi kwa mume wake asirudi mikono mitupu. Nilikuwa nimekaa kivulini na mizizi yangu iliyolowekwa, nasuka, nampaka mwanangu samli, narudi, nasuka.

Madaktari walikuja siku waliyosema. Wanawake walikuwa wengi kama Sista alivyoahidi, wengine wamesafiri siku mbili, mmoja ametoka Lafey, ameketi juu ya beseni. Anaitwa Fowsiya, mkubwa kuliko Yurub, na alikuwa ameishi na tundu lake miaka sita. Alimuuliza Yurub, "Wewe wa muda gani?" Yurub akamwambia. "Ah, wewe bado ni mwanafunzi," Fowsiya akasema, "mimi ni mwalimu mkuu," na wote wawili wakacheka mikono midomoni. Nilikuwa sijamsikia mwanangu akicheka hivyo tangu aliporudi. Nikaanza kuamini kwamba daktari hataangalia sana ngozi. Akiona kijana anayecheka, atamshona.

Daktari alikuwa mwanamke, mwenye miwani. Aliangalia ngozi kwanza kabla ya kitu chochote. Alivua glavu polepole, na alivyozivua nilijua.

"Siwezi," akasema kwa Kiswahili, taratibu, akimwambia Yurub na si mimi. "Nikishona hapa leo, mshono utaoza, na tundu litakuwa kubwa kuliko lilivyo. Ponya ngozi kwanza. Pole, mama mdogo."

Sista Komora alikuwa ameshika ile pedi ambayo Yurub alikuwa ameivaa. Aliitazama mbele, akaigeuza. Akapitisha kidole juu ya vinundu, akasugua kidole na kidole gumba, akakisogeza puani. Kisha akachukua kikombe cha maji akamimina tone juu yake. Tone lilikaa. Likajikusanya kama shanga, likazunguka kwenye bonde moja, likaingia bonde jingine, likateremka pembeni likadondoka sakafuni. Vile vitundu vyote vilikuwa vimezibwa.

"Mafuta," Sista akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyechoka ghafla. "Nani amepaka mafuta hapa?"

Niliangalia lile tone sakafuni. Nikakumbuka vyombo. Chombo kipya kilichosukwa kwa mizizi hakishiki maziwa. Ukimimina, yanatoka kila upande. Unakisugua mafuta, siku baada ya siku, yakaingia katika kila tundu la msuko, yakaziba, ndipo unakifukiza kwa moshi na kukitumia. Mama yangu alinifundisha nikiwa na miaka sita. Kazi hiyo nimeifanya maisha yangu yote. Nina sifa kwayo, wanawake wananiletea vyombo vyao vinavyovuja. Na mkojo uliokuwa ushuke chini ukawe mbali na mwanangu, nilikuwa nimeufungia mlango, ukabaki juu, ukamla.

Nilifungua mdomo.

"Mimi," Yurub akasema. "Nilijipaka mwenyewe, Sista. Mama hajui."

Alisema hivyo akiwa ametazama dari. Sista akamwambia maneno, si makali, lakini ni maneno: kwamba aliambiwa maji tu, kwamba ni msomi wa darasa la nane, kwamba nafasi hii wanawake wanaililia. Yurub aliyapokea yote. Nami nilisimama pembeni ya kitanda, mkoba wake mkononi, mdomo wazi. Mpaka leo sijui ni nini kilinishika. Nilikuwa naona wale wanawake wengine nyuma ya pazia wakisikiliza, na nilikuwa mama mzima, na nikanyamaza.

Fowsiya alishonwa siku ya pili. Tulikwenda kumtazama kabla hajaondoka, Yurub alitaka. Alikuwa amekaa juu ya shuka nyeupe, anaigusa kila mara kwa mkono, hapa na pale. "Abaayo, dada yangu, kavu," alimwambia Yurub, machozi yanamtoka. "Kavu!" Yurub alimbusu kichwani.

Samli niliigawa. Tukarudi kwenye maji safi na pedi za ghorofa peke yake, na nitasema haraka kilichotokea kwa sababu ni kifupi: zilifanya kazi. Wiki ya tano ngozi ilikuwa imefunga. Wiki ya saba ilikuwa laini, rangi moja, ngozi ya msichana. Yurub alisimama mlangoni asubuhi ile, mwanga ukamwangukia, na mimi nikatafuta mahali palipokuwa na kidonda nisipaone.

Nikampigia Sista Komora. "Ngozi imepona," nikamwambia. "Yote."

"Alhamdulillahi, mama."

"Madaktari wanarudi lini?"

Akasema walioleta madaktari wale wamesimamisha safari zao, hajui kama ni mwaka huu au hata ujao. Nairobi pia wanashona, akasema, lakini foleni ni ndefu na lazima mtu akae huko. Hospitali yetu haina mwenye kazi hiyo. "Jina lake liko," akasema. "Nimeliandika juu kabisa."

Nilimpigia Jumatatu iliyofuata, na Jumatatu nyingine. "Bado, mama." Jumatatu moja sikupiga, nilikwenda kwa miguu. Nilimkuta nje anakunywa chai, nikamwambia yaliyokuwa kooni. Kwamba aliyepaka samli ni mimi. Kwamba mtoto alikataa nikamshinda kwa maneno.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Ulisimama karibu yangu siku ile, mama. Mikono yako ilikuwa inanukia samli." Akanisogezea kiti. "Na mimi sikukukataza mafuta. Nilisema maji, nikadhani nimemaliza. Nililala vibaya siku nyingi."

Nilikuwa nimedhani nikishasema, kitu fulani kitafunguka. Nilikunywa chai yake, nikamuuliza habari ya tarehe. Hakukuwa na tarehe.

Wazee wa Abdihafid walikuja mwezi uliopita, watatu, na salamu ndefu. Wakauliza amepona? Nikasema ngozi imepona. Wakatazamana, kwa sababu wao hawakuuliza ngozi. Kabla ya Alasiri talaka ilikuwa imeshasemwa, kwa heshima, na chai waliimaliza. Yurub alikuwa chumba cha pili. Alisikia yote, na walipoondoka alitoka akakusanya vikombe.

Asubuhi iliyofuata nilivuta pazia kama kawaida nikamngoja mlangoni. Hakuja. "Hooyo, acha," alisema kutoka kwenye mkeka. "Ngozi nzima ni ya kuonyeshwa nani?"

Pedi za ghorofa Saynab hazipati tena kila wakati. Mto ulipojaa barabara ikakatika, na tangu hapo huleta zile laini zinazong'aa. Anatuwekea za vinundu zikija, anazificha chini ya nepi. Zisipokuja tunarudi kwenye vitambaa, na mimi naanika nje siku hizi, juani, majirani waone wakitaka.

Jana Yurub alikiona kile chombo nilichokuwa nasuka. Kiko pembeni tangu safari ya hospitali, kimekamilika kusukwa, sijakipaka mafuta. Sijaweza kushika mafuta. Alikileta uani, akachota maji kwenye ndoo, akakijaza. Maji yakatoka kila upande kwa nyuzi nyembamba, yakamlowesha miguu, naye akaendelea kukishika hewani, anakitazama kinavyomwagika mpaka tone la mwisho.

"Huyu," akasema, "ni dada yangu."

Nilicheka kwa sababu yeye alitaka nicheke. Kisha nikaona nguo yake nyuma imelowa, nikaenda kwenye kamba kumchukulia kitambaa.